Wilaya Nyeupe Pe

Mama Ramani alikuwa amefika mezani pake kazini, hajavua hata mkoba begani, simu ilipoanza kutetemeka. Ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena, na kwa fujo ile alijua ni kundi la familia. Watu wa kazini humwandikia mtu mara moja wakasubiri jibu. Familia yake huandika kama inakimbizwa.

Alifungua. Kaka yake mkubwa, ambaye nyumbani wanamwita Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kukaa kwenye kikao asikiongoze, alikuwa ametuma picha ya ramani ya nchi. Wilaya nyingi zilikuwa nyekundu, chache za njano, na huko juu pembeni ilikuwepo moja nyeupe pe. Hiyo nyeupe alikuwa ameizungushia duara, na chini yake ameandika:

"Ndugu zangu, jibu limepatikana. Harusi ya Kitinda tunaihamishia nyumbani kwa mama. Kule ugonjwa haujafika. Hii ni ramani ya serikali, si maneno ya mtaani. Jumamosi wote tuwe tumefika."

Chini ya maneno hayo mashangazi, shemeji na binamu walikuwa wakishangilia kwa maua na vidole gumba. Kitinda mwenyewe, mdogo wao wa mwisho, ambaye harusi yake ilikuwa imeahirishwa mpaka ikaanza kuota kutu, alikuwa ameweka picha ya mtu anayecheza.

Mama Ramani alikaa, akaiangalia ramani ile kwa muda. Alikuwa akiifahamu vizuri. Aliichora yeye, jana, kwenye meza hiyohiyo.

Ndiyo kazi yake pale Maabara Kuu, na ndiyo asili ya jina, maana hana mtoto anayeitwa Ramani. Sampuli huja kutoka kila wilaya, mashine huzipima, majibu huletwa kwake, naye huyahesabu kwa wilaya na kuyapaka rangi kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Nyekundu ni wagonjwa wengi, njano ni wachache, nyeupe hakuna. Tatizo lilikuwa kwenye hiyo nyeupe. Kompyuta ilipaka nyeupe wilaya iliyopima watu wake wote ikawakuta wazima, na ilipaka nyeupe vilevile wilaya ambayo haikupima hata mbuzi. Kwake hizo zilikuwa kitu kimoja, kwa sababu aliyeitengeneza hakuambiwa vinginevyo.

Na wilaya ya kwao haikuwa imeleta sampuli hata moja kwa wiki nyingi.

Kama mama yake angekuwa mtu wa mapafu mazima, labda Mama Ramani angekasirika kidogo tu. Lakini mama yao ana kifua. Usiku hulala ameegemea mito kama mtu anayesubiri gari, na daktari wake alishawaambia watoto wote, Mwenyekiti akiwa amekaa kiti cha mbele, kwamba ugonjwa huu ukimkuta mzee yule, wasijipe matumaini makubwa. Sasa watoto wake wote, pamoja na wakwe na wapambe, walikuwa wamepanga kwenda kumpumulia.

Alimpigia kaka yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeona?"

"Nimeona. Kaka, ile nyeupe si nyeupe ya uzima."

"Ni nyeupe ya nini, ya chokaa?"

"Ni ya kutopimwa. Hatuna sampuli kutoka kule."

"Kwa nini hamna?"

"Sijajua bado."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, ndiyo."

"Basi ramani inajua."

Mama Ramani alifumba macho. "Ramani naichora mimi, kaka."

"Hapo ndipo unaponichosha," Mwenyekiti alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ule upole wa mtu aliyeshinda. "Unaichora wewe, halafu unaikataa wewe. Sisi wengine tushike lipi? Kila jioni mnatutangazia tuangalie ramani. Tumeiangalia. Sasa mnasema tumeiangalia vibaya."

"Fikiria kifua cha mama."

"Mama ndiye amefurahi kuliko sisi wote. Ameshaanza kufagia uwanja. Maturubai nimeshaagiza kulekule. Kama una la kusema, mpigie yeye umwambie wanawe wasije. Mimi mdomo huo sina."

Akakata. Hakukata kwa hasira, alikuwa na simu nyingine za kupiga.

Mama Ramani alikwenda kwa Mkurugenzi. Wapo waliosema Mkurugenzi ni mtu mgumu, lakini yeye hakuwahi kuwa na haraka ya kusema hivyo. Alimwona ni mtu aliyezungukwa na simu, ambaye hupigiwa asubuhi na wanaotaka namba zishuke na mchana na wanaouliza kwa nini namba zimeshuka. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko wilaya yoyote.

"Umekuja na kijivu tena," Mkurugenzi alisema kabla hajakaa.

"Nimekuja na kijivu tena, mkuu. Wilaya zisizopima tuzipake kijivu. Ni hilo tu."

"Kamati ilishakaa."

"Ilikaa ikasema kijivu kitawafanya watu waone kwamba hatujui."

"Naam."

"Lakini hatujui, mkuu."

Mkurugenzi hakubisha. Alichukua gazeti lililokuwa chini ya simu mojawapo, akalifungua kwenye ukurasa wa ramani na kumsogezea. "Angalia hapa. Hawa wanachapa kwa wino mweusi tu. Nyekundu yako imekuwa kijivu kizito, njano imekuwa kijivu chepesi. Hicho kijivu chako kitakuwa kijivu gani?"

Aliangalia. Ilikuwa kweli, na aliudhika kuona ni kweli.

"Hilo sikuliwaza."

"Liwaze. Na uwaze hili pia. Mkuu wa wilaya ile nimempa cheti juzi. Cheti cha wilaya safi, kwenye fremu, na kioo chake. Siwezi kuwapa cheti wiki hii, wiki ijayo nikawapaka rangi kwa sababu nina wasiwasi. Lete sampuli. Zikija, rangi yoyote itakayotoka nitaitangaza kwa mdomo wangu. Lakini niletee sampuli."

Alitoka pale mikono mitupu. Muda wa chakula ulikuwa umefika. Alichukua sahani yake kantini, akaenda kukaa mahali pake pa siku zote, akapiga simu zahanati ya kwao huku akila bila kuona ladha.

Hapa inabidi kueleza kuhusu kukaa. Ugonjwa ulipoanza, kamati ya usalama iliondoa viti vyote kantini ili watu wasikae wakakaribiana. Wafanyakazi walisimama siku chache, miguu ikawauma, wakaanza kutafuta vya kukalia. Kwenye korido ya nyuma yalikuwa yamerundikana makasha ya bluu ya kubebea sampuli kwenye baridi, magumu, mapana, ya kimo kizuri. Wakayaburuta ndani. Baada ya hapo walikaa wamebanana kuliko walivyokuwa wakikaa kwenye viti, na kila mtu akawa na kasha lake. Mama Ramani alikuwa amelitandikia la kwake kitambaa cha meza.

Mganga wa zahanati alipokea. Alikuwa mtu wa maneno ya taratibu.

"Dada, vijiti vya pua ninavyo. Vichupa ninavyo. Glovu ninazo mpaka nimewagawia wauza samaki. Ila kuwachukua watu sampuli ni jambo moja, kuwaletea ninyi ni jambo lingine. Nizilete ndani ya nini, mfukoni?"

"Ndani ya makasha ya baridi."

"Yako kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Huko Maabara Kuu. Yalikuja na sampuli, hayakurudi. La kwanza halikurudi, nikatumia la pili. La pili halikurudi, nikatumia la mwisho. Baada ya hapo nikaleta kwenye chupa ya chai, mkaikataa, mkaniandikia 'chombo si sahihi'. Ni kweli, si sahihi, sibishi. Lakini kilicho sahihi mnacho ninyi."

"Mbona hukupiga simu?"

"Nilipiga. Nikaambiwa nisubiri niunganishwe na stoo. Nikapigiwa muziki, muziki mzuri tu, mpaka salio likaisha. Nitakuambia ukweli, dada. Ningeendelea kupiga. Lakini tukaletewa cheti. Mkuu wa wilaya akakitundika kwangu, ukutani, hapa mbele yangu. Ukiwa na cheti ukutani, unaanzaje kulalamika?"

"Watu wanaumwa?"

"Wanakohoa. Wanakohoa kuliko kawaida. Wanakohoa nini, hilo ndilo kasha lingetuambia."

Mama Ramani aliweka kijiko chini. "Makasha yenyewe yanafananaje?"

"Ya bluu. Yana jina la wilaya kwenye kifuniko. Niliyaandika mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya mlango, nyeupe. Herufi zimechuruzika kidogo."

Mama Ramani alisimama na sahani mkononi. Akainua kitambaa cha meza.

Herufi zilikuwa zimechuruzika kidogo.

Wiki zote zile alikuwa akiketi juu ya jina la kwao, akila, na akitoka pale anakwenda kulipaka nyeupe. Alimwambia mganga atampigia baadaye, akakunja kitambaa chake, akaenda stoo.

Mtunza stoo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Kasha lililotumika haliingii stoo mpaka litakaswe. Na lisipoingia stoo haliwezi kutoka stoo. Nenda usafi."

Mkuu wa usafi alikuwa amekaa mlangoni pake, naye amekaa juu ya kasha. "Makasha ni mali ya stoo," alisema. "Mimi sigusi mali ya stoo mpaka stoo waniletee kwa maandishi. Siku mali hiyo ikipotea nitaambiwa mimi ndiye niliyeiosha ikayeyuka."

"Stoo wanasema hawalipokei mpaka wewe ulitakase."

"Wakilipokea wakaniletea, nitalitakasa."

"Hawatalipokea bila kutakaswa."

"Basi umeona ugumu wangu, mama."

Alirudi stoo. Kutoka stoo akarudishwa usafi. Alizungushwa kama pia mpaka akajikuta amesimama katikati ya korido, mahali pasipo pa stoo wala pa usafi, na hakuna aliyekuwa amemjibu vibaya. Hilo ndilo lililomchemsha nyongo. Kila mmoja alikuwa na heshima, kila mmoja alikuwa na sababu, na kila mmoja alikuwa amekalia kasha.

Nje alimkuta dereva wa gari la sampuli, ambaye wenzake wanamwita Breki, akifuta kioo.

"Breki, wewe huwa unakwenda kwetu?"

"Kila wiki, mama. Naondoka mtupu narudi mtupu. Gari linaruka kwenye mashimo kama mpira kwa kukosa mzigo."

"Na huulizi kwa nini huna mzigo?"

"Nauliza. Naambiwa makasha hayana muhuri wa stoo, bila muhuri mlinzi hanifungulii geti. Kilichopita bila muhuri mwaka huu ni cheti tu. Kile nilikipeleka mimi, nimekifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria."

"Kilipitaje?"

"Kilikuwa zawadi. Zawadi ya ofisi ya Mkurugenzi haipiti stoo."

Mama Ramani alimtazama Breki, akatazama geti, akageuka akarudi ndani karibu akimbie.

Kantini ilikuwa bado imejaa. Alikwenda kwanza kwa katibu wa Mkurugenzi, mama mmoja nadhifu aliyekuwa ameliwekea kasha lake mto wa maua.

"Samahani, dada yangu, inuka."

"Kuna nini?"

"Nataka kasha."

"Hili langu."

"Lina jina la wilaya yetu."

"Na pembeni lina jina langu. Nimeandika kwa kalamu isiyofutika."

"Dada, nakuomba."

Katibu aliinuka polepole, kama mtu anayenyang'anywa shamba, akachukua mto wake na kuupakata. Kasha la tatu lilikuwa na fundi wa mashine, kijana mrefu aliyekuwa akila na miguu ameinyoosha juu ya kasha la wilaya nyingine.

"Sasa tutakaa wapi, Mama Ramani?"

"Simameni."

"Tukisimama tutatawanyika."

"Viti viliondolewa ili mtawanyike."

Fundi alifikiria hilo huku akitafuna. "Kwa hiyo tumekuwa tukikosea kwa kukaa, na tumekosea tulichokalia."

"Inuka, mwanangu."

Aliyaosha mwenyewe uani, kwa maji ya klorini, mikono ya gauni ameikunja mpaka kwenye viwiko. Mkuu wa usafi alikuja kumtazama, mikono kifuani, akimwelekeza kwamba pembe za ndani zinahitaji brashi ndogo. Mama Ramani alimwomba brashi ndogo. Mkuu wa usafi akasema brashi ndogo ziko stoo.

Yalipokauka aliyabeba mpaka kwa Mkurugenzi na kuyapanga juu ya zulia.

"Nini hii?"

"Ni zawadi, mkuu. Nyongeza ya kile cheti. Wilaya safi tumewapa fremu, tuwape na makasha. Nakuomba saini tu."

Mkurugenzi alisoma jina kwenye vifuniko. Aliyatazama makasha, akamtazama yeye na mikono yake iliyochunika kwa klorini, na Mama Ramani aliona akielewa, hatua kwa hatua, wilaya yake safi ilisafishwa na nini. Alitoa kicheko kimoja kifupi ambacho hakikuwa cha furaha.

"Na mimi nilikuwa nikimwonea wivu mkuu wa wilaya yule," alisema. "Nilidhani kuna anayefanya kazi yake vizuri." Akasaini.

Breki aliondoka mchana uleule, makasha matatu yamefungwa mkanda.

Kilichobaki ni kusubiri, na kusubiri kulikuwa kugumu kuliko kuosha. Kundi la familia halikulala. Shangazi mmoja aliuliza atavaa nini. Shemeji akauliza kama kule kuna mtandao. Mwenyekiti aligawa watu kwenye magari, na jina la Mama Ramani akaliweka gari la mbele, kwa heshima.

Alimpigia mama yake.

"Mama, nakuomba uwaambie wasije kwanza."

"Wasije wapi? Wewe ndiye uliyesema huku ni salama."

"Sikusema, mama."

"Nimekuona kwenye televisheni."

"Hukuniona mimi, uliona ramani."

"Si umeichora wewe? Najivunia ramani ile, majirani wote nimewaambia." Kisha mama yake akapunguza sauti, na ndani ya sauti ile kulikuwa na ile filimbi ndogo ya kifua anayoijua tangu utoto. "Mwanangu, tangu balaa hili lianze sijashika mkono wa mtoto wangu hata mmoja. Nawasikia kwenye simu tu, kama redio. Nimefagia uwanja. Fundi wa maturubai ameanza kuchimba mashimo ya nguzo. Usinifanyie hivyo."

Alisema, "Haya, mama," akajidharau kwa kusema haya.

Makasha yalirudi Ijumaa, yamejaa. Mganga alikuwa amekusanya kila aliyekohoa, na kila aliyekaa karibu na aliyekohoa. Fundi wa mashine aliziingiza sampuli bila kusubiri foleni, kisha wakakaa kuingojea mashine. Hawakukaa, wakasimama.

Majibu yalipokuja, zaidi ya nusu yalikuwa na ugonjwa.

Mama Ramani aliyapitia moja baada ya jingine, kijiji, umri, kazi, kama anavyofanya siku zote. Katikati alikutana na jina la mama yake. Alisogeza kidole mpaka kwenye safu ya majibu. Mama hakuwa mgonjwa. Baadaye mganga alimwambia kwamba yule mzee alijileta wa kwanza kwenye foleni, akasema anataka sampuli yake iende ikamwone binti yake.

Kabla hajamaliza kushusha pumzi akafika kwa mtu wa kijiji kilekile. Mwanamume, makamo, ana ugonjwa. Kazi yake, fundi wa maturubai.

Aliinua simu, akaishusha. Majibu ya mtu ni ya mtu na mganga wake, si ya kundi la familia. Alimpigia mganga, ambaye anaruhusiwa, akamsomea orodha nzima bila kuongeza neno, na mganga aliposikia jina lile alisema tu, "Nakwenda sasa hivi." Kisha Mama Ramani akakaa mezani, akaingiza namba, na kompyuta ikaipaka wilaya ya kwao nyekundu pyu. Mkurugenzi aliitangaza jioni hiyo kwa mdomo wake, kama alivyoahidi.

Simu ya Mwenyekiti iliingia taarifa ya habari haijaisha.

"Jana nyeupe, leo nyekundu," alisema. Upole ulikuwa umemwisha. "Nimekuwa mzee mimi, lakini si mjinga. Umeipaka ili harusi isiwe."

"Sikuipaka ili harusi isiwe."

"Nani anaumwa huko? Taja mtu mmoja."

"Siruhusiwi, kaka."

"Unaona. Hakuna hata mmoja."

"Kaka."

"Niambie."

"Hii ni ramani ya serikali," Mama Ramani alisema. "Si maneno ya mtaani."

Kwa mbali alimsikia wifi yake akiuliza wamesemaje, na kaka yake akimjibu, nje ya simu, kwa sauti ya uchovu, "Wamesema hapana." Hakusema dada yangu amesema. Lakini usiku ule aliandika kwenye kundi kwamba safari imefutwa, kila mtu abaki kwake, na Kitinda na mchumba wake watafunga ndoa wao na mashahidi wao, wengine wataona picha. Maua na vidole gumba havikuja. Shangazi mmoja aliandika kwamba kuna watu wakipata kazi serikalini husahau walikotoka.

Mama yake alipiga asubuhi.

"Umenipaka wekundu."

"Pole, mama."

"Majirani wanasema binti yangu ameleta ugonjwa kwa kompyuta. Na fundi wa maturubai haji, mganga kamfungia ndani, haniambii kwa nini. Mashimo yake yako hapa uwanjani, nusura nitumbukie."

"Yafukie, mama. Na ulipoongea naye mlisimama karibu?"

"Nilimpa maji mlangoni. Nilivaa barakoa yangu, uliyoniletea. Unanihoji kama polisi." Alikohoa, kikohozi chake kilekile cha zamani, na Mama Ramani alikisikiliza kama fundi anavyosikiliza injini. "Uwanja wote huu nimeufagia. Nani atakuja kuukanyaga?"

"Hakuna, mama."

"Na wewe umefurahi."

Alitaka kusema hapana. "Nimefurahi, mama," alisema.

Mama yake aliguna. Baadaye kidogo akauliza kama binti yake anakula vizuri huko, na hilo kwa mama yule lilikuwa karibu sawa na msamaha, ingawa halikuwa msamaha wenyewe.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alimwita, akampa karatasi aliyokuwa ameichorachora kwa kalamu. Wilaya zisizopima alikuwa amezichora mistari ya mshazari. "Mistari haina rangi," alisema. "Gazeti haliwezi kuiharibu. Kamati bado haijakaa, kwa hiyo weka kabla haijakaa." Mama Ramani aliiweka. Ramani ya jioni ile ilitoka nusu nzima ina mistari kama pundamilia, na simu za wakuu wa wilaya zikaanza kupigwa wakiuliza makasha yao yako wapi.

Mchana mmoja baada ya hapo aliingia kantini na sahani yake. Watu walikuwa wamesimama huku na huku, wakila kwa kuudhika, na walimpa jicho la pembeni. Makasha ya kwao yalikuwa yameletwa tena asubuhi, yametolewa sampuli na kuoshwa, yamewekwa ukutani kumngoja Breki. Juu ya la kwanza palikuwa pamewekwa mto wa maua.

Katibu alikuwa bado kwenye foleni ya chakula. Mama Ramani aliuondoa mto, akauweka dirishani kwa adabu, kisha akatazama kulia na kushoto. Fundi wa mashine alikuwa akija na sahani yake, macho yake yako palepale.

Akakaa yeye. Hapakuwa na namna nyingine ya kulilinda.

Alikuwa ameshakula nusu ya sahani Breki alipochungulia mlangoni, funguo zikilia mkononi.

"Mama Ramani, nawe."

"Nalilinda."

"Naona. Inuka basi, nilipeleke kwa mama yako."

Akainuka.